Kuchachusha Kinywaji cha Tangawizi Nyumbani

Soda ya tangawizi inayouzwa dukani hutiwa gesi kwa mashine kiwandani. Hii ninayoieleza hapa hujitilia gesi yenyewe, kwa kazi ya vijidudu vilivyokaa juu ya ganda la tangawizi tangu ilipokuwa shambani, na kazi ya mtengenezaji ni kuvilisha vijidudu hivyo, kuvipa joto linalovifaa, kisha kuvizuia kabla havijapitiliza. Sehemu hiyo ya mwisho hupuuzwa na wengi, wakidhani kwamba ugumu wote uko kwenye sufuria. Kwa sababu hiyo nitaeleza mapishi kwa kiasi na kukaa zaidi kwenye chupa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo lenyewe si geni. Aliyewahi kuonja tembo la mnazi lililogemwa asubuhi likiwa tamu na kulionja tena jioni likiwa kali, au aliyeiacha togwa ikalala hadi siku ya pili, ameiona kazi hiyo hiyo. Tofauti iko kwenye chakula cha vijidudu: mnazi una sukari yake ndani ya utomvu, togwa hupata sukari kutokana na kimea kinachovunja wanga wa uji, ilhali tangawizi ina wanga mwingi na sukari kidogo sana, hivyo hatuna budi kuitia sukari sisi wenyewe. Waingereza walikuwa wakichachusha tangawizi majumbani tangu karne ya 18, wakaihifadhi katika chupa za udongo zenye vizibo vilivyofungwa kwa kamba visiruke, na majirani waligawiana punje laini za chachu ambazo waliziita mmea. Mwaka 1892 mtaalamu wa mimea Harry Marshall Ward alichapisha uchunguzi wake juu ya punje hizo, akaonyesha kwamba ule haukuwa mmea bali hamira na bakteria walioishi pamoja. Chachu nitakayoieleza si ya punje kama zile, lakini ushirika ni wa namna hiyo hiyo: hamira za asili huleta gesi, bakteria huleta uchachu, na kinywaji kizuri hutokana na pande zote mbili kufanya kazi kwa wakati mmoja.

Tangawizi, maji na sukari

Nunua tangawizi mbichi iliyo ngumu, isiyo na mikunjo, ambayo ukiivunja inakatika kwa sauti na kutoa harufu mara moja. Hapa Dar es Salaam napenda ile inayotoka milima ya Upare, wilayani Same, kwa kuwa ni kali na haina maji mengi. Mama ninayenunua kwake sokoni Tandika alinizuia siku ya kwanza, nilipoanza kuchagua vipande vyeupe vilivyooshwa na kupangwa mafungu mafungu juu ya meza. "Baba, hizo ni za chai ya leo," aliniambia, akavuta gunia lililokuwa miguuni pake. "Kama unataka ya kukaa, chukua yenye udongo wake." Yeye alikuwa anafikiria tangawizi isiyooza upesi, wala habari ya chachu haikuwa akilini mwake, lakini ushauri huo ulinifaa kwa sababu nyingine. Hamira tunazozitafuta ziko kwenye ganda, na tangawizi iliyosuguliwa sana hadi ikang'aa imepoteza sehemu kubwa ya hamira hizo. Ukifika nyumbani suuza udongo kwa maji baridi, kata sehemu zilizooza au zenye ukungu, na usimenye. Wasomaji walio Ulaya au Marekani wakumbuke kwamba tangawizi inayoletwa kutoka nchi za mbali wakati mwingine hupigwa mionzi ili isichipue, na ikipigwa mionzi hamira zake hufa. Iliyolimwa bila kemikali na isiyopigwa mionzi ndiyo ya kutafuta.

Maji ya bomba yenye klorini yanaweza kuichelewesha chachu au kuizuia kabisa, maana klorini imewekwa humo kwa ajili ya kuua vijidudu na haichagui. Yachemshe, yaache yapoe kabisa, ndipo uyatumie. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wakazi wengi wa Dar es Salaam tunayafahamu, hayaizuii chachu kufanya kazi, lakini ladha ya chumvi itakufuata hadi kwenye glasi.

Sukari nyeupe ya kawaida inatosha. Sukari guru huipa chachu nguvu na kukipa kinywaji rangi ya kahawia, na mimi huichanganya nusu kwa nusu ninapotaka ladha nzito. Asali mbichi usiitumie kwenye chachu, kwa kuwa inakuja na vijidudu vyake yenyewe vitakavyogombania nafasi. Vitamu visivyo sukari, vile vya vidonge, havina kazi hapa kwa sababu hamira hazivili.

Kuamsha chachu

Chukua gudulia la kioo la lita 1 lenye mdomo mpana, ulioshe kwa sabuni na ulisuuze vizuri. Tia maji yaliyopoa mililita 500, yaani vikombe viwili vya chai, kijiko kimoja kikubwa cha tangawizi iliyokatwakatwa vipande vidogo pamoja na ganda lake, na kijiko kimoja kikubwa cha sukari. Koroga mpaka sukari iyeyuke, funika kwa kitambaa cha pamba au kipande safi cha khanga kilichokunjwa mara mbili, kaza kwa mpira wa kufungia, na uweke mahali penye kivuli. Kitambaa kinahitajika kwa sababu vijidudu wanatoa gesi inayotaka njia, na kwa sababu wale nzi wadogo wa matunda husikia harufu ya uchachu kabla yako.

Kila siku, kwa saa ile ile, ongeza kijiko kimoja cha tangawizi na kijiko kimoja cha sukari, kisha ukoroge. Koroga tena mara moja au mbili kabla ya kulala. Kukoroga huzamisha vipande vinavyoelea, na kipande kinachokaa juu kikiwa kikavu kwa siku nzima ndicho kinachoota ukungu.

Siku ya kwanza hutaona kitu. Siku ya pili maji hugeuka ya njano iliyofifia na kupoteza uangavu kidogo kama maji ya mchele. Kwa joto la Dar es Salaam, ambalo ndani ya nyumba mara nyingi hufika nyuzi 28 hadi 32, asubuhi ya siku ya tatu au ya nne ndipo mambo hubadilika: vipande vyote vya tangawizi vimepanda juu na kujibana kama watu kwenye daladala, katikati yake vinapenya viputo vidogo vinavyopasuka kimoja kimoja, na ukilisogeza gudulia sikioni unasikia mchirizo mwembamba kama wa soda iliyomiminwa sasa hivi. Ukitia sukari na kukoroga, povu jeupe hupanda na kushuka kwa sekunde chache. Harufu ni ya tangawizi iliyochanganyika na uchachu mwepesi, karibu na ule wa togwa ya siku ya pili. Hapo chachu imekomaa. Lushoto, Njombe, Limuru na kwingineko kwenye baridi, subiri siku 7 na pengine zaidi. Usiongeze sukari nyingi kwa kudhani kwamba utaiharakisha, maana kinachokosekana ni joto, wala si chakula. Kuliweka gudulia juu ya friji, au karibu na jiko lakini si juu yake, husaidia zaidi.

Wapo wanaoruka hatua hii yote na kutia hamira ya mkate. Njia hiyo inafanya kazi: robo kijiko cha chai kwa lita 2 hutoa gesi ya kutosha kabla ya siku kwisha. Siipendi kwa sababu mbili. Kinywaji hubaki na harufu ya unga uliolala, na kwa kuwa bakteria wa uchachu hawamo, utamu wake hauna kitu cha kuukata isipokuwa ndimu utakayoikamua. Anayetaka kuonja tu kabla ya kuamua kama atajisumbua na chachu anaweza kuanzia hapo.

Kupika na kuchanganya

Kwa lita 2 za kinywaji utahitaji tangawizi gramu 120, ambayo ni kama kipande kimoja kikubwa kinachojaa kiganja, sukari gramu 180, yaani kikombe kimoja cha chai kisichojaa hadi ukingoni, ndimu mbili au tatu zenye maji, na nusu kikombe cha chachu iliyochujwa.

Twanga tangawizi kwenye kinu au uikwaruze. Itie kwenye sufuria pamoja na lita 1 ya maji, ichemke kwa moto mdogo dakika 15, kisha zima moto na uyeyushe sukari humo humo. Ongeza lita 1 ya maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa, ambayo yatashusha joto kwa haraka. Kuchemsha hukifanya kinywaji kiwe salama zaidi na kukipa ladha ya mviringo, lakini hupunguza ukali, kwa sababu kile kiini cha tangawizi mbichi kinachochoma ulimi hugeuka kwa moto na kuwa kitu kitamu na kipole zaidi. Anayetaka ile inayochoma koo aache theluthi moja ya tangawizi bila kuipika, aitwange na kuitia wakati maji yamekwisha kupoa. Mdalasini, karafuu tatu nne au hiliki zilizopondwa hutiwa wakati wa kuchemsha. Karafuu zisizidi hapo, maana zikizidi zinaua ladha nyingine zote, na kwa wingi zinaweza kuzizuia hata hamira zenyewe.

Hapa subira inahitajika. Usitie chachu wakati sufuria bado ina joto. Hamira hufa kwenye maji ya moto, na anayetia chachu kwenye sufuria inayotoa mvuke ametia maji ya kawaida tu. Shika sufuria kwa kiganja upande wa nje: kama huhisi joto wala baridi, iko tayari. Chuja kwa chujio kisha kwa kitambaa, ukamue makapi kwa nguvu, tia maji ya ndimu na chachu, koroga. Ndimu haipo kwa ajili ya ladha peke yake. Tindikali yake hukilinda kinywaji katika saa zile za mwanzo ambapo bakteria wa uchachu bado hawajafanya kazi ya kutosha, na vijidudu vingi vinavyoleta magonjwa havistawi kwenye uchachu mkali. Onja sasa. Kinapaswa kuwa kitamu kuliko unavyopenda, kwa sababu sehemu ya utamu huo italiwa.

Utaona baada ya nusu saa kwamba unga mweupe umetua chini ya chombo. Huo ni wanga wa tangawizi, na hauna madhara; miminia taratibu na uache mashapo nyuma kama unapenda kinywaji kisafi.

Chupa

Miaka michache iliyopita nilimiminia tangawizi ya namna hii kwenye chupa mbili za kioo zilizokuwa na sharubati, nikazifunga vizuri na kuziweka kwenye kabati la jikoni karibu na mchele. Ilikuwa mwezi Machi, joto la jiji likiwa kwenye kilele chake. Siku iliyofuata ilikuja habari ya msiba, nikasafiri kwenda Tanga na kukaa siku tatu. Niliporudi nilikuta mlango wa kabati umefunguka wenyewe, rafu zinanata, na vipande vya kioo vimechoma mfuko wa mchele hadi upande wa pili. Chupa ya pili ilikuwa bado nzima. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi, kwa sababu ilinibidi niisogelee. Niliifunika kwa blanketi zito, nikaitoa uani nikiwa nimevaa jaketi na miwani, nikaiacha mpaka usiku ilipopoa kidogo, ndipo nikailegeza kwa kitambaa. Kilo zote za mchele zilitupwa.

Kosa langu lilikuwa la hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi. Kila gramu ya sukari inayoliwa na hamira hugeuka karibu nusu yake kuwa hewa ukaa na karibu nusu nyingine kuwa kileo. Lita moja ya soda yenye gesi ya kutosha hubeba takribani gramu 7 hadi 8 za hewa ukaa. Kwa hiyo sukari inayohitajika kuliwa ndani ya chupa iliyofungwa ni kama gramu 15 kwa lita na si zaidi, ilhali sisi tumetia gramu 90. Zile 75 zilizobaki zimo humo kwa ajili ya utamu wako, lakini hamira hazijui hivyo. Zikiachwa kwenye joto zitaendelea kula, na sukari yote ikiliwa, gesi itafika mara sita ya ile ya soda. Hakuna chupa ya nyumbani iliyotengenezwa kuvumilia shinikizo hilo.

Tumia chupa za plastiki za soda. Nasema za soda, si za maji ya kunywa, ingawa vifuniko vinafanana: chupa ya maji ni nyembamba kwa kuwa haikutengenezwa kubeba gesi, nayo huvimba na kupinda kitako mapema. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, usitumie maji yanayochemka kwani plastiki hiyo hujikunja. Miminia kwa faneli na uache nafasi ya vidole viwili chini ya kifuniko, kisha kabla ya kukaza ibonyeze chupa kidogo ili hewa itoke na ubavu wake uingie ndani. Uzuri wa plastiki ni kwamba inazungumza. Ubavu ulioubonyeza utajaa wenyewe kadiri gesi inavyoongezeka, na chupa itakuwa ngumu kama soda mpya unayoinunua dukani. Ikifika hapo, haraka ipelekwe kwenye friji.

Ni muda gani? Kwa Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto, nimepata chupa ngumu baada ya saa 18, na mara nyingi siku moja inatosha. Kwenye miezi ya Juni na Julai huchukua siku moja na nusu hadi mbili. Nyanda za juu zenye baridi zinahitaji siku tatu hadi tano. Usiifuate saa, fuata kidole chako: bonyeza chupa asubuhi, mchana na jioni, na hasa kabla ya kulala, maana chupa inayobonyea kidogo saa nne usiku inaweza kuwa jiwe alfajiri.

Kama ni lazima utumie kioo, tumia tu chupa zilizotengenezwa kwa ajili ya vinywaji vya gesi, zenye kuta nene na kifuniko cha kubana kwa waya, na ujaze chupa moja ya plastiki kutoka sufuria ile ile iwe shahidi. Zikae pamoja, na shahidi akiwa mgumu zote ziingie kwenye friji. Chupa za sharubati, za siki, za pembe nne na zilizo na mchubuko wowote zisiguswe.

Friji haiziui hamira, inazipunguzia kasi tu. Jambo hili linatuhusu sana sisi ambao umeme hukatika. Siku umeme ukikaa nje tangu asubuhi, friji yenye chupa za tangawizi inageuka polepole kuwa kabati langu la mwezi Machi. Zitoe, zibonyeze, na zile zilizokuwa ngumu kupita kiasi uzilegeze kifuniko mpaka usikie gesi ikitoka, halafu uzikaze tena. Bora zaidi, usitengeneze nyingi kuliko zitakazonywewa ndani ya wiki moja hadi mbili.

Acha chupa kwenye baridi kwa saa sita au zaidi kabla ya kufungua, kwa kuwa kinywaji baridi hushikilia gesi yake, ilhali cha vuguvugu huiachia yote kwa mkupuo na nusu ya chupa huishia dari. Fungua juu ya sinki, zungusha kifuniko robo tu, sikiliza, kaza tena povu likipanda, rudia. Haraka hapa ni hasara ya sakafu kunata.

Kuhusu kileo

Swali hili huulizwa na kila mtu, na wengi hujibiwa ovyo. Kinywaji hiki kina kileo. Gesi na kileo hutoka kwenye sukari ile ile kwa wakati ule ule, kwa hiyo haiwezekani hamira zitengeneze kimoja bila kingine. Kwa hesabu ya zile gramu 15, chupa iliyofikia gesi ya soda na kuingizwa kwenye friji mara moja ina kileo cha kama asilimia 1, kidogo pungufu au zaidi kutegemea chachu yako na muda uliouacha mchanganyiko wazi kabla ya kuufunga. Sufuria iliyoachwa kwenye joto kwa wiki nzima mpaka utamu ukaisha ni jambo jingine, maana inaweza kukaribia asilimia 6, ambayo ni pombe kamili kwa jina lolote utakaloiita.

Kwa sababu hiyo simpi mtoto, simpi mwanamke mjamzito, simpi mtu aliyeacha pombe, na kwa mgeni Mwislamu nasema wazi kilichomo kabla hajanyoosha mkono. Kumwambia kwamba "ni tangawizi tu" ni kumdanganya. Kwa hao wote kuna njia nyingine inayopendeza vilevile: pika tangawizi na sukari kwa maji nusu ya kipimo ili iwe nzito, chuja, tia ndimu nyingi, weka kwenye friji, na wakati wa kunywa changanya nusu kwa nusu na maji ya gesi ya dukani. Wakongomani wana tangawisi yao isiyochachushwa, kali kwelikweli, na sijaona mgeni aliyelalamika kwamba haina viputo. Isiyochachushwa inywewe ndani ya siku tatu, kwa kuwa sukari yake ipo na hamira za hewani zipo, na ikisahauliwa itaanza safari yenyewe bila ruhusa yako.

Anayefikiria kuuza aelewe kwamba kinywaji chenye kileo kina leseni na viwango vyake, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, na kwamba chupa za soda zilizotumika hazitakubaliwa.

Mambo yanapokwenda kombo

Ukungu ni kitu cha kwanza kukitambua. Ukiona juu ya chachu madoa yenye manyoya, yawe ya kijani, meusi, ya kijivu au meupe, tupa yote. Usiondoe doa kwa kijiko na kuendelea, kwa sababu ukungu una nyuzi zinazoshuka chini kuliko unavyoziona. Utando mweupe uliolala bapa kama karatasi iliyolowa, usio na manyoya, ni kitu tofauti. Hutokana na hamira za aina nyingine zinazopenda hewa, na ingawa hauna sumu huacha harufu ya jibini la zamani. Uondoe, lisha chachu, koroga mara nyingi zaidi, na ukirudi mara ya pili anza upya.

Wakati mwingine kinywaji hunyooka kikimiminwa, kinavutika kama mlenda. Ni kazi ya aina fulani za bakteria zinazogeuza sukari kuwa ute. Wapo wanaosema kwamba ute huo hupungua wenyewe ukiachwa siku kadhaa, na imewahi kutokea hivyo kwangu, lakini sina hamu ya kunywa tangawizi inayovutika, kwa hiyo humwaga na kuosha kila chombo kwa maji ya moto isipokuwa zile chupa za plastiki.

Chupa zisipojaa gesi baada ya siku tatu za joto, sababu ni chache. Ama chachu ilitiwa kwenye mchanganyiko wa moto, ama maji yalikuwa na klorini, ama kifuniko kinavujisha. Hili la kifuniko hugunduliwa kwa kuipindua chupa ndani ya beseni la maji na kutazama kama viputo vinatoka shingoni. Chachu yenyewe ijaribu kabla ya kuitumia: tia kijiko cha sukari, koroga, na kama povu halikupanda ndani ya saa moja au mbili haijawa tayari. Kinywaji kikiwa kikali cha siki, kilikaa muda mrefu mno kikiwa wazi na hewa. Hakidhuru, na mimi hukitumia kulainishia nyama kabla ya kuchoma, ambapo uchachu na tangawizi vyote viwili vina kazi.

Chachu iliyobaki haitupwi. Badala ya nusu kikombe ulichochota rudisha nusu kikombe cha maji yaliyopoa, kijiko cha tangawizi na kijiko cha sukari, iache nje saa chache mpaka ionyeshe viputo, halafu uiweke kwenye friji ikiwa na kifuniko kilicholegezwa. Ilishe mara moja kwa wiki. Vipande vya zamani vikijaa hadi kuzuia mwiko, toa nusu yake. Siku unapotaka kutengeneza tena, itoe jana yake, ilishe, na uiache ipate joto la nyumba. Iliyosahauliwa mwezi mzima huhitaji siku mbili au tatu za kulishwa kabla ya kuamka, na isipoamka baada ya hapo, anza nyingine.